Daftari la Miguu

Nyuma ya wodi ya upasuaji, hapa Gulu,
kuna chumba chenye vumbi jeupe la plasta.
Ukutani miguu imetundikwa kwenye misumari
kama nguo za watu walioingia kuoga.

Mimi ni Odokonyero. Nachonga magoti, napima visigino.
Mwalimu wangu aliniachia patasi tatu na daftari
lenye safu moja aliyoipigia mstari kwa wino mwekundu:
Sababu.

Miaka ile safu ilijaa neno moja.
Bomu. Bomu la ardhini, njia ya kisimani. Bomu.
Alipochoka kuliandika akaweka alama mbili ndogo za vilevile,
mbili, mbili, mbili, hadi chini ya ukurasa,
utadhani kuku alipita juu ya karatasi.

Lamwaka wa Palabek aliposikia milio
alisema miguu niponye.
Mmoja ulimponya.
Mwingine ulibaki kwenye shamba la simsim.
Nimemchongea mitano tangu awe msichana,
kwa maana mfupa hukua, mti haukui.

Kisha miaka ikatulia.
Nyoka. Kisukari. Uzee.
Siku moja akaletwa Komakech, mwendesha bodaboda,
akililaani lori la mkaa lililomkanyaga,
nami nikaandika "ajali ya barabarani",
na, Mungu anisamehe, nikatabasamu.
"Unacheka nini, mzee?"
Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nimeyaomba malori,
nimeomba nyoka, nimeomba sukari ipande,
chochote
ambacho hakuna mtu aliyekitega akaenda zake kula?

Nilidhani hivyo ndivyo vita vinavyoisha:
si kwa baragumu wala sahihi za wakubwa,
ila safu ya daftari kubadilika mwandiko.

Jana, kutoka ng'ambo ya Elegu,
ameletwa Keji, miaka tisa.
Kigutu bado chekundu.
Shangazi yake ameketi kwenye benchi, ameniuliza
kama naona vita vitakwisha duniani,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Sikumjibu. Nilikuwa nimetoka kuagiza plasta
ya mwaka mzima, magunia arobaini.
Hilo ndilo jibu langu, na linaniaibisha.
Kalamu nimeishika. Juu ya mstari wa leo
kuna lori la Komakech; siwezi kuandika vilevile.
Lazima niliandike neno lote, herufi kwa herufi.

Mtoto ana Kiarabu cha Juba, mimi nina Kiacholi.
Katikati yetu kuna Kiswahili tu,
naye anakijua kidogo, kama mimi.
Changu nilikiokota utotoni
kwenye kizuizi cha barabara ya Kitgum, kwa wenye bunduki:
Lala chini. Fungua mzigo. Simama!

Nimemfunga mkanda wa kwanza, nimekaza, nimelegeza.
Nimerudi nyuma hatua tatu, mikono wazi,
nikatafuta neno,
na lililokuja ni lile lile.

Simama, nimemwambia, polepole.
Simama.