Spika za Kiwandani

Murhula alibandua mlango kwa bisibisi,
akang'oa spika ya kiwandani: karatasi imechanika,
vumbi la Kadutu limeganda kama bugali wa jana.
"Kwa hii ulikuwa unasikia nini?"
Vya kutosha, nikasema.

Akafunga mpya, akaficha amplifaya chini ya kiti,
waya mwekundu akauvuta hadi kwenye betri.
Tukaweka ule wimbo wa gitaa,
miaka kumi na miwili napanda nao kutoka Nyawera.
Kioo kikatetema. Besi ikaniingia mbavuni.
Halafu, katikati ya nyuzi, mtu akakohoa.

Murhula akacheka. Mimi nikarudisha nyuma.
Yupo. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyejizuia sana.

Miaka yote hiyo tulikuwa wawili garini
na sikuwahi kumwambia pole.