Nyuma Kuna Ngoma

Gwamaka, weka jiwe kwenye tairi la mbele.
Jeki hii ni ya kuazima, ina roho ya kuazima,
na hapa Soweto ardhi imelala upande,
kila kitu kinatafuta kisingizio cha kuteremka.

Ulianza na ekzosi.
Tulikusikia tangu Mafiati,
mbwa wa mtaani wakakujua kabla ya mama mkwe.
Kisha rimu, kisha stika, kisha turbo
iliyovuka Tunduma ndani ya gunia la mchele,
na Starlet yako nyekundu, kigari cha kubebea trei za mayai,
ikaanza kuyapita mabasi ya Kyela pale Igawilo.

Nyuma hukugusa.
Nyuma hakupigwi picha.

Sasa tazama.
Nimegonga ngoma kwa nyundo, mara tatu, mara nne,
imetoka na vumbi jeusi kama masizi ya chungu cha kimpumu.
Viatu vya breki ndivyo hivi, vimelika upande mmoja
kama soli za mtu anayeburuta mguu.
Springi imelegea. Silinda inalia mafuta.
Na wewe ulikuwa unashuka Mlima Nyoka, ukungu wa Julai,
lori la viazi mbele yako, taa yake moja haiwaki,
na nyuma kuna ngoma isiyo na mpigaji.

Ulisema pedali "ilizama kidogo."
Kidogo!

Diski hizi si mpya, sitakudanganya.
Nimezitoa kwenye gari la aina hiihii
lililolala Iwambi, ubavuni mwa barabara.
La nani, usiniulize.
Zilikuwa nzima. Wakati mwingine breki hubaki nzima,
kinachokosekana ni sekunde.
Nimezisugua juzi usiku kwa petroli,
umeme ulipokatika nikaendelea kwa kidole,
nikitafuta ufa. Hakuna ufa.

Unataka zile kalipa kubwa za jamaa wa Forest.
Hapana.
Mbele ndiko kunakobeba, elewa.
Ukikanyaga, gari huinama kama mtu anayesujudu,
nyuma hunyanyuka, huwa nyepesi kama bawa la kuku.
Ukiipa nguvu kuliko mbele,
matairi yatagoma kuzunguka, mkia utakuja mbio,
gari litageuka likutazame usoni.
Mimi nimeshaona gari likimtazama mwenye nalo.
Nyuma ishike. Isishinde.

Haya, kaa ndani. Kanyaga. Shikilia.
Achia nikisema achia.
Tunatoa upepo uliojificha kwenye bomba.
Ona, mafuta yana povu kama maziwa ya mbuzi.
Kanyaga.
Povu limepungua.
Kanyaga.
Nawe ungefaa kutolewa upepo hivi, ndugu yangu,
kwa mpira mwembamba na chupa ya soda.
Kanyaga.
Sasa yanatoka kimya, rangi ya asali ya Chunya.
Pedali ikoje?
Usinijibu haraka. Iulize tena kwa mguu.

Hela baki nayo mpaka kesho.
Alfajiri, malori hayajaamka,
panda Kawetere, ugeuze, uteremke.
Chagua mahali pasipo na mtu, wala ng'ombe, wala kona,
lami tupu na baridi.
Kanyaga.
Simama bila sababu.
Zima redio, zima na hiyo ekzosi yako,
usikilize diski zinavyopoa, ti, ti, ti,
na mbele yako hakuna kitu kabisa.
Kaa nayo kidogo hiyo sekunde.
Kuna mtu aliihitaji.

Kisha rudi unilipe.
Na hilo jiwe usiondoke nalo.
Lina kazi hapa.