Kalenda ya Mabaki

Kazi yangu ni mabango. Kibanda kipo Majengo,
nyuma ya wauza karanga, mlango wa bluu unaobanduka rangi.
Mji wetu huu kila wiki una siku yake:
wizara inaleta maneno, kaulimbiu, jina la mgeni rasmi,
nembo tatu zisizotaka kugusana.
Nachapa, nakata. Kingo zinabaki,
vipande vyembamba kama mkanda wa mtoto wa darasa la kwanza,
na mimi, Ndahani, kutupa sikufundishwa.

Kimoja kilitokana na kosa. Neno lilijichapa mara mbili:
DUNIANI.
Nikalikunja, nikaenda nalo nyumbani Nkuhungu.

Jumatatu maji yakaja.
Anayekaa kwetu analijua neno "yamekuja",
linavyomkuta mtu miguu iko nje tayari.
Nikaning'iniza kwenye kamba ya nguo:
SIKU YA NDOO, na pembeni yake, DUNIANI.
Zikajipanga. Ya rangi ya ukuta iliyoganda,
ya mpini wa katani,
na ile ya Mama Chiloleti, iliyoungua mdomo,
ikanuna foleni nzima
kama mheshimiwa aliyeketishwa safu ya pili.

Jumatano, mlenda. Siku ya mlenda haina hotuba.
Hotuba hukatika; mlenda umetoka chunguni
unalifuata tonge mpaka kidevuni, haujasema umechoka.
Madeje, mke wangu, akaukata hewani kwa kidole
kama anayekata utepe.
Tukapiga makofi. Mlo ukafunguliwa rasmi.

Kisha kandambili: ya kushoto bluu, ya kulia kijani,
zilizokutana ukubwani na zikapatana.
Kaulimbiu: Msumari Umeshika, Twende.

Lameki wangu akaleta pendekezo, Siku ya Kutooga.
Kamati ikakaa, mimi, mama yake na jogoo,
ikalikataa kwa kura mbili.
Jogoo hakuonyesha msimamo.

Mwezi wa nane upepo haukungoja kibali.
Ulikuja na vumbi la Chang'ombe, sufuria ya mtu, nusu ya gazeti,
ukang'oa bango langu la SIKU YA UFAGIO
ukalitandika juu ya bati la jirani,
maandishi yakiangalia mbinguni.
Ufagio wenyewe ulikuwa na kazi siku tatu.

Jioni moja Bibi Mbeleje akaingia bila hodi,
kikombe cha bati mkononi, ukingo wa samawati,
umebanduka pahali pamoja tu, pale mdomo mmoja
uliposhika miaka arobaini na kitu.
"Hiki nacho kina siku?"
Nikasema kina. Nikaandika taratibu, herufi zisiyumbe,
SIKU YA KIKOMBE,
nikainuka kutafuta kile kipande kingine.
"Hilo la duniani, mjukuu wangu, leo liache."
Tukakinywea maji kwa zamu,
kila mtu akikigeuza kidogo, asiguse pale.

Leo ofisa amekuja kuchukua bango la mita sita,
shati limepigwa pasi mpaka linaogopa kukaa.
Anaona ukutani: SIKU YA KIFUNIKO CHA CHUPA YA CHAI.
Anasoma kwa sauti ya ofisini, anapekua shajara,
anauliza, uso mkavu, mgeni rasmi nani.
Namsogezea kigoda.
Namimina kwenye kifuniko chenyewe, kwani vikombe havijaoshwa,
namtilia karanga kiganjani, vumbi kidogo halikosi.
"Na kaulimbiu?"
"Bado ya Moto."
Anapuliza. Shati linakunjamana.
Nje dereva anapiga honi mara moja, anangoja, mara ya pili,
halafu anazima gari, anakuja naye.