Faili la Mama

Tartu, Februari. Dirisha limeganda.
Maarika amefungua mafaili matatu,
bodi tatu za tumbo moja:
kumbukumbu ileile, pini zilezile,
hata kosa la tahajia ni lilelile,
limenakiliwa likanakilika kama kinyongo cha ukoo.

Hitilafu ya mwaka jana aliirekebisha kwenye mawili.
La tatu, lililosahauliwa,
likazima pampu ya joto huko Võru
na ajuza mmoja akalala na koti.

Leo anafuta.
Mistari mia nne na kumi inahamia faili la mama;
kila mtoto abaki na lake tu.

Kisha kidole kinasita:
saa ya bodi ya pili
ni ishirini na sita, si ishirini na nne.
Kando yake, maneno ya marehemu Heino:
“Usiguse. Nilipima.”

Hagusi.