Pointi za Marehemu Songoro

Kabla hujaliona ulilisikia:
silinda nane zikibishana kutoka stesheni
hadi kona ya Katubuka,
hasa asubuhi za masika,
ukungu ukitoka ziwani unapanda mlima bila nauli
na kujipenyeza ndani ya kofia ya distributa.

Shevrole Kamaro, sitini na tisa, usukani kushoto.
Lilishuka melini toka Kalemie ndani ya sanduku la mbao,
na mbao zikawa mlango wa choo cha Songoro.
Mlango upo mpaka leo.

Kila Ijumaa, kabla ya swala, alifungua kofia ile,
akazikwangua pointi kwa ubavu wa kiberiti,
akapima mwanya kwa kipande cha boksi lilelile,
jicho moja kalifumba, kama achunguliaye tundu la ufunguo.
Fila ninayo, nilimwambia. Ya chuma. Ina namba.
"Namba ni za wasiolijua gari," akasema,
na gari, kumuunga mkono, likawaka.
Mara ya nne.

Juzi Bi Mwavita kaja na bahasha.
Ndani, kidude cheusi,
ukubwa wa sabuni iliyobakia bafuni,
nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.
Kimetoka Dar kwa basi, chini ya kiti cha dereva.
"Toa zile, weka hiki.
Mimi sikwangui kitu Ijumaa."

Nikatoa. Skrubu mbili, kondensa, sahani.
Pointi zimelika: moja kilima, nyingine bonde.
Nikaivisha shafti pete ya sumaku shingoni,
kidude nikakikalisha kando yake.
Hakuna kinachogusana tena humo ndani.
Sumaku inapita, kidude kinahisi,
kama mke na mume walionuniana
wakipishana uani gizani,
kila mmoja anajua mwenzie kapita.

Tukapiga starta. Injini ikazunguka, ikazunguka,
cheche hakuna.
Ntakije, kijana wangu, akaanza kuwalaani watu wa Dar.
Lete mita, nikamwambia. Volti saba.
Waya wa zamani una ukinzani wake;
kiwandani walipunguza umeme makusudi
pointi zisiungue.
Nikavuta waya mpya toka boksi la fyuzi,
kisha nikazihesabu plagi kwa kidole:
moja, nane, nne, tatu,
sita, tano, saba, mbili,
na Ntakije akaitikia kama yuko madrasa.

Ufunguo. Nusu mzunguko.
Likawaka.

Halikukohoa, halikutema moshi kwenye kanzu ya mtu.
Chai yangu, glasi juu ya bodi,
ilichora duara moja dogo, basi.

Bi Mwavita kasimama, kanga imefungwa upande mmoja.
"Mbona upesi hivyo?
Miaka thelathini na moja, yeye nje anaparuza,
mimi ndani natafuta kiatu, nazima jiko,
namsema kidogo.
Sasa nitavaa saa ngapi?"

Nilitaka kucheka. Nikamweleza la ufundi:
pointi, mama, zinakuonya. Zinakohoa wiki nzima,
zinavuta miguu mlimani,
unapata muda wa kutafuta pesa.
Hiki hakikohoi. Siku kikizima, kimezima,
hata kama uko katikati ya reli.

"Kama mwenyewe," akasema.

Sikuwa na spana ya neno hilo.
Nikazifunga pointi kwenye gazeti
pamoja na kiberiti nilichokikuta nyuma ya betri,
njiti tatu,
nikavitia kwenye droo ya dashibodi.
Aliona. Hakusema chukua, hakusema acha.
Akaingia kwa mlango wa kushoto, akatia gia,
akapanda kwenda Mwanga,
na kwa mara ya kwanza Mwanga haikujua.