Vibarua wa Mizizini

Shamba la Mzee Deng Shouyi liko chini ya bomba la moshi
lisilotoa moshi tena.
Kiwanda cha zinki kilifungwa mwaka ule wa mafuriko;
waling'oa mashine, wakaacha mtaro.

Maji yake mazuri kuyatazama.
Hayanuki, hayana rangi,
na mpunga umeyanywa miaka thelathini bila kukunja uso.
Ndiyo hila ya kadmiamu: mmea haiuui.
Hupanda buani kimyakimya, kama mgeni aujuaye mlango,
ikawa mpunga, ikawa mchele, ikawa wali,
ikawa figo,
ikawa nyonga ya Bi Peng Guizhen, mkewe,
iliyovunjika siku alipoinama kufunga kiatu.

Mimi nilitoka Changsha na chupa sita ndani ya sanduku la barafu,
koti jeupe, na viatu visivyofaa tope.
"Umeniletea dawa?"
Si dawa, nikasema. Ni bakteria.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Binti Ouyang, wenzako hupulizia vijidudu wafe,
wewe waja kunipandikizia?"

Sikumwambia mara moja tulikowapata.
Si ng'ambo, si duka la mbegu.
Tuliwapata kwake,
mtaroni, pale nyasi moja kaidi
ilipoota peke yake kwenye tope jeusi
ikakataa kufa.
Tuliing'oa, tukaosha mizizi, tukawakuta wamejaa tele,
wametulia kama watu walio kwao.
Wenzao wote sumu iliwamaliza;
hawa walikaa nayo hadi wakazijua tabia zake.

Nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la kizingiti:
huu mzizi, hawa wao, huu ute wao.
Sumu ikija, ute unainasa.
Wengine huimeza, wakaifungia ndani ya miili yao midogo.
Wengine huuchokoza mzizi uote nywele zaidi,
ushibe, usimfungulie kila anayebisha hodi.
"Basi inaondoka?"
Haiondoki, mzee. Inabaki udongoni.
Inabaki chini, haipandi.
Sikutaka kumdanganya. Alikwisha kudanganywa vya kutosha
na watu wenye makoti kama langu.

Akanyamaza. Bata wawili wakavuka uga, wakarudi.
"Na wanalipwa nini?"
Swali hilo sikufundishwa.
Sukari, nikasema baada ya kufikiri.
Mzizi huvuja sukari kidogo, wao hula.

"Basi wametushinda," akasema.
"Mimi nilikuwa mle ndani miaka ishirini na miwili,
zamu ya usiku. Koki ya mtaro nilikuwa naifungua mimi.
Kwa mkono huu.
Alfajiri narudi, nakula wali, nalala."
Akautazama mkono kana kwamba
kuna mtu amemwachia aushike kidogo.

Tulichovya miche ya nusu shamba.
Mwezi wa kumi karatasi ya maabara ikaja:
nusu ile, chini ya kiwango, kwa unywele.
Nusu ya pili, vilevile kama siku zote.
Kwa unywele tu, nikasisitiza,
mvua moja yenye tindikali yaweza kuivuruga hesabu.
Wala hakushangilia.

Alipika bakuli moja.
Akalitazama likitoa mvuke, hakula.
Akalibeba hadi mtaroni, nami nyuma yake,
viatu vyangu vikimezwa,
akamimina wali pale ilipokuwa ile nyasi.

Mzee, nikasema, hawa hawali wali.

"Najua," akasema.
"Lakini kibarua hupewa chakula cha mchana."

Kisha akalisuuza bakuli
kwa maji ya chupa niliyokuja nayo.