Mita Thelathini, Lunga Lunga

Mashua imepanda trela, imeegeshwa
kati ya kiwanda cha misumari na kibanda cha Syombua,
chapati na madondo.
Maji yaliyo karibu ni ya mtungi.

Nimebandika sumaku kwenye gurudumu la winchi
na kando yake, upana wa kucha,
kihisi. Waya mbili nimezipitisha
chini ya sitaha hadi penye usukani,
kwenye kioo kidogo: sifuri nukta sifuri.

"Teremsha," namwambia Kiprono.
Nanga inagonga lami. Bawabu wa kiwanda anaruka.
Mnyororo unashuka, kra kra kra,
sumaku ikipita kihisi kinakonyeza,
namba inapanda. Tunauburuta
hadi kwa fundi viatu, hadi mtaroni.

Kioo: thelathini.
Tepu: ishirini na nane na nusu.

Mita moja na nusu imeliwa na nani?
Nakaa chini, napima mzingo upya.
Nilisahau: pingili huzama kwenye meno.
Na kuna mtu atalala Naivasha
akiamini tarakimu yangu, usiku,
upepo ukigeuka.

Mara ya pili vinakubaliana.

Syombua anauliza,
"Kwa hiyo hiki kitamwambia kina cha maji?"
Hapana, mama. Kinajua ulichotoa tu,
na kama kimerudi.
Anageuza chapati.
"Basi ni kama daftari langu."

Kiprono anavuta. Kumi. Mbili. Sifuri.
Langu, daftarini, bado lasoma
mia mbili arobaini.